Sura ya 9: Wasiwasi na Kumbukumbu ya Shahidi
(Ufahamu, Ufupisho na Insha ya Hoja)

Katika mtihani wa Kiswahili, habari ya ufahamu inaweza kutoka popote: kilimo, afya, historia, sheria. Habari zinazowaangusha watahiniwa wengi si zile zenye maneno magumu. Ni zile ambazo mwandishi anatoa ushahidi wa upande mmoja, kisha anageuka na kutoa ushahidi wa upande wa pili, na mtahiniwa anajibu maswali kana kwamba alisoma aya ya kwanza peke yake. Kwa hiyo sura hii inatumia mada moja ya namna hiyo. Isome polepole, penseli ikiwa mkononi, na upige mstari kila unapoona maneno kama "lakini", "hata hivyo" na "kwa upande mwingine". Mada yenyewe si ya mchezo. Kuna watu wamekaa gerezani miaka mingi kwa sababu mtu mwingine, bila nia mbaya, aliikumbuka sura isiyo sahihi.

Swali tunalolichunguza ni hili: mtu akiwa na hofu kubwa wakati tukio linatokea, hukumbuka vizuri zaidi au vibaya zaidi?

Waulize watu wa nyumbani kwenu leo jioni. Mmoja atakuambia, "Tukio kama lile huwezi kulisahau mpaka unaingia kaburini." Mwingine atakuambia, "Nilichanganyikiwa, sikuona hata alivaa shati gani." Kila mmoja atasema kwa uhakika. Utaona kwamba kila mmoja ana utafiti wa kumuunga mkono.

Maneno ya kuelewa kwanza

Wasiwasi katika habari hii ni hali ya mwili na akili mtu anapohisi hatari: moyo hudunda kwa kasi, viganja hutoa jasho, pumzi hukimbia. Katika Biolojia umesoma kwamba homoni ya adrenalini, inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, huutayarisha mwili kupigana au kukimbia. Ndiyo hiyo hiyo.

Shahidi wa macho ni mtu aliyekuwapo na kuona tukio, tofauti na aliyesimuliwa.

Usahihi ni kiwango ambacho maelezo ya shahidi yanalingana na kilichotokea kweli. Usichanganye usahihi na uhakika. Uhakika ni hisia iliyo ndani ya shahidi mwenyewe. Mtu anaweza kuwa na uhakika kamili akakosea, na mwingine akasitasita huku akisema kweli. Ukielewa tofauti ya maneno haya mawili, nusu ya maswali ya sura hii umeshayajibu.

Kumbuka pia kwamba kumbukumbu hupitia hatua tatu: kuingia akilini, kuhifadhiwa, na kutolewa inapohitajika. Wanafunzi huniuliza kama hofu ya shahidi ni sawa na hofu ya chumba cha mtihani. Si sawa. Wewe ulisoma ukiwa umetulia, hofu ikakukuta wakati wa kutoa ulichohifadhi. Shahidi wa ujambazi hofu inamkuta pale mlangoni, wakati habari inaingia. Kisichoingia hakiwezi kutolewa baadaye, hata mtu akihojiwa kwa upole namna gani.

Upande wa kwanza: wasiwasi hudhuru kumbukumbu

Mwaka 1976, watafiti Johnson na Scott wa Marekani waliwaita watu kwa ajili ya jaribio, wakawaweka kwenye chumba cha kusubiri. Kundi moja lilisikia mazungumzo ya kawaida kutoka chumba cha pili, kisha akatoka mtu mwenye kalamu mkononi na mikono iliyochafuka grisi. Kundi la pili lilisikia ugomvi mkali na vitu vikivunjika, kisha akatoka mtu ameshika kisu cha kufungulia barua chenye damu. Baadaye wote walionyeshwa picha 50 na kuombwa wamtambue mtu huyo. Waliomwona na kalamu walimtambua kwa asilimia 49. Waliomwona na kisu, asilimia 33.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba silaha huteka macho. Mtu akikuelekezea bastola, macho yako hayana nafasi ya kupima urefu wa pua yake. Elizabeth Loftus na wenzake walilipima jambo hili mwaka 1987 kwa kifaa kinachofuatilia mwendo wa macho. Washiriki waliona picha za mteja kwenye mgahawa. Wengine walimwona akimpa mhudumu hundi, wengine walimwona akimwelekezea bastola. Macho ya kundi la pili yaliirudia bastola mara nyingi zaidi na kukaa hapo kwa muda mrefu zaidi.

Mtu mwenye akili ya kubisha atasema kwamba washiriki wa maabara hujua hawawezi kuumizwa, kwa hiyo hofu yao ni nusu ya hofu. Pingamizi hilo ni zuri, na lilijibiwa na tafiti mbili za baadaye.

Ya kwanza ilifanyika London, kwenye jumba la burudani linaloitwa London Dungeon, ambako watu hulipa kiingilio ili watishwe. Tim Valentine na Jan Mesout waliripoti mwaka 2009 matokeo ya wageni 56 ambao, wakiwa kwenye njia za giza, walikutana na mwigizaji aliyevaa kama jitu la kutisha. Baadaye wageni walijaza dodoso la kupima wasiwasi waliokuwa nao, kisha wakaombwa wamtambue mwigizaji huyo kwenye picha. Waliokuwa na wasiwasi mdogo walifaulu kwa asilimia 75. Waliokuwa na wasiwasi mkubwa walifaulu kwa asilimia 17 tu. Soma tena namba hizo. Hawa walikuwa watu waliojilipia wenyewe, waliojua wako salama.

Ya pili ni nzito zaidi. Charles Morgan na wenzake waliwachunguza wanajeshi zaidi ya 500 wa Marekani waliokuwa kwenye mafunzo ya kuhimili utekaji. Wanajeshi hao walinyimwa chakula na usingizi kwenye kambi ya mfano wa wafungwa wa vita, kisha wakahojiwa kwa zaidi ya dakika 30, uso kwa uso, penye mwanga wa kutosha. Mahojiano yalikuwa ya aina mbili: ya vitisho na nguvu, na ya werevu bila nguvu. Siku moja baada ya kuachiliwa walipangiwa watu mstarini na kutakiwa kumwonyesha aliyewahoji. Kwa mahojiano yasiyo na vitisho, waliompata walikuwa asilimia 62. Kwa mahojiano ya vitisho walikuwa asilimia 30. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Angalia kwamba hawa ni askari, si watu wa kuzimia wakiona damu, na waliitazama sura hiyo muda mrefu kuliko mwathirika yeyote wa ukwapuzi kituoni.

Upande wa pili: wasiwasi hunoa kumbukumbu

Hapa ndipo mtahiniwa mvivu anapofunga daftari. Wewe endelea.

Katika eneo la Vancouver nchini Kanada, mwizi aliingia kwenye duka la kuuza bunduki, akamfunga mwenye duka, akachukua fedha na silaha, akatoka. Mwenye duka akajifungua, akachukua bastola, akatoka nje ili asome namba ya gari. Mwizi alikuwa bado hajaondoka. Alimpiga risasi mwenye duka mara mbili. Mwenye duka, akiwa amejeruhiwa, alimimina risasi zote 6 za bastola yake na mwizi akafa. Yote hayo yalitokea mchana, barabarani, watu wakiona.

Polisi waliwahoji mashahidi 21. Miezi minne hadi mitano baadaye, John Yuille na Judith Cutshall waliwaomba mashahidi hao wahojiwe tena kwa ajili ya utafiti, wakakubali 13. Watafiti waliyalinganisha maelezo mapya na yale ya polisi, picha za eneo na ushahidi mwingine. Kila shahidi alieleza pia alivyopata mshtuko siku ile, kwa kipimo cha 1 hadi 7. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yaliwashangaza wengi. Baada ya miezi yote hiyo mashahidi walikuwa bado sahihi kwa kiwango kikubwa, hawakupoteza mengi, na maswali yaliyotungwa makusudi ili kuwapotosha hayakuwapotosha sana. Zaidi ya hapo, waliosema walipata mshtuko mkubwa zaidi walikuwa sahihi kwa asilimia 88, ilhali waliopata mshtuko mdogo walikuwa sahihi kwa asilimia 75.

Miaka 7 baadaye, Christianson na Hübinette wa Sweden walichapisha utafiti wa mashahidi wa ujambazi halisi wa benki. Walikuta kwamba hata baada ya miezi kadhaa mashahidi walikumbuka vizuri vitendo vya jambazi, silaha na mavazi yake. Walikosea zaidi mambo kama tarehe, saa, na watu wengine waliokuwamo ndani ya benki.

Kwa nini majibu yanapingana?

Swali la "eleza" au "jadili" likija, alama ziko hapa. Kueleza tafiti moja moja ni kazi ya kukariri. Kueleza kwa nini hazipatani ni kazi ya kufikiri, na msahihishaji anaiona mara moja.

Sababu inayotajwa mara nyingi ni ile iitwayo kanuni ya Yerkes na Dodson, ya mwaka 1908. Msisimko ukiwa mdogo sana, kazi hufanyika ovyo kwa sababu mtu hayuko makini. Ukiongezeka kidogo, umakini huongezeka. Ukizidi mno, kazi huharibika. Ukichora utapata mlima: unapanda, unafika kileleni, unashuka. Mwaka 1983 Kenneth Deffenbacher aliitumia kanuni hiyo kupatanisha tafiti za mashahidi, akasema kwamba zinazotofautiana zimepima pande mbili tofauti za mlima. Ni maelezo mazuri, ila mimi huwaonya wanafunzi wangu wasiyategemee peke yake. Yerkes na Dodson walifanya kazi na panya waliopigwa shoti za umeme, hawakuchunguza watu mbele ya bunduki. Tena kanuni yenyewe inaweza kueleza tokeo lolote baada ya kutokea: kumbukumbu ikiwa nzuri, mtu yuko kileleni, ikiwa mbaya, ameshashuka. Deffenbacher mwenyewe, alipokusanya tafiti nyingi zaidi pamoja na wenzake mwaka 2004, alikuta kwamba msongo mkubwa kwa jumla hudhuru utambuzi wa sura na pia usimulizi wa tukio.

Sababu ya pili ni umbali. Mashahidi wa Vancouver waliopata mshtuko mkubwa ndio waliokuwa karibu zaidi na tukio. Je, walikumbuka vizuri kwa sababu ya mshtuko, au kwa sababu tu waliona vizuri? Utafiti ule hauwezi kututenganishia mambo hayo mawili. Mtahiniwa anayeandika sentensi hiyo moja amefanya uchambuzi.

Sababu ya tatu ni ile ninayoiona nzito kuliko zote, na vitabu vingi huipita haraka: tafiti hizi haziulizi swali moja. London na kwenye kambi ya kijeshi, washiriki waliulizwa: ni nani? Vancouver waliulizwa: nini kilitokea? Huko Kanada mwizi alikuwa amekufa palepale, hapakuwa na haja ya mtu kumtambua. Kusimulia kwamba alifyatua risasi, akaanguka karibu na gari, ni kazi moja. Kuitenga sura moja ya mtu usiyemjua kutoka kwenye sura nane zinazofanana ni kazi nyingine, ngumu zaidi. Hofu inaweza kukuachia hadithi nzima ya tukio ikakunyang'anya sura ya mhusika. Katika benki za Sweden unaona jambo la jirani na hilo. Kiini cha tukio kilibaki, ya pembeni yakapotea.

Na pengine si hofu inayofanya kazi peke yake. Kerri Pickel, mwaka 1998, aliwaonyesha watu video ya mwanamume akiingia saluni akiwa na mkasi, au bastola, au pochi, au kuku mzima mbichi. Ndiyo, kuku. Mkasi unaweza kuua lakini ni wa kawaida saluni, na kuku hawezi kumdhuru mtu lakini ni kioja mahali hapo. Waliomwona na bastola au kuku ndio walioshindwa zaidi kumweleza mtu mwenyewe. Kwa hiyo inawezekana silaha huteka macho kwa sababu ni kitu kisichotarajiwa, si kwa sababu inatisha tu.

Mahakamani

Mwaka 1984, katika mji wa Burlington, jimbo la North Carolina nchini Marekani, mwanafunzi wa chuo alibakwa usiku na mtu aliyemwekea kisu shingoni. Msichana huyo alikusudia kuikariri sura ya mbakaji ili, akinusurika, amtie mikononi mwa sheria. Alichagua picha ya Ronald Cotton. Kisha akamchagua Cotton huyo huyo kwenye gwaride la utambuzi, kisha akamwonyesha kidole mahakamani. Kila hatua uhakika wake uliongezeka. Cotton alifungwa maisha. Mwaka 1995 kipimo cha DNA kilionyesha kwamba mhalifu alikuwa mtu mwingine, Bobby Poole. Poole aliwahi kuletwa mahakamani mwaka 1987 mbele ya mwathirika, naye akasema hajawahi kumwona. Cotton alikuwa ameshamaliza zaidi ya miaka 10 gerezani.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Msichana alikuwa na uhakika, na usahihi haukuwepo. Picha aliyoichagua mwanzo ilishika nafasi ya sura halisi, na kila alipomwona Cotton tena aliikumbuka picha.

Tanzania nayo imeliangalia suala hili mapema. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na mahakama isiutegemee mpaka iondoe uwezekano wote wa kukosea na kuridhika kwamba hauna shaka. Ilitaja mambo ya kuangalia: shahidi alimwona mshtakiwa kwa muda gani, kutoka umbali gani, kulikuwa na mwanga wa aina gani, mchana au usiku, na kama alimfahamu kabla ya siku hiyo. Shauri hilo hutajwa mpaka leo katika hukumu za unyang'anyi. Linganisha orodha hiyo na tafiti ulizosoma. Umbali umo, muda umo, mwanga umo. Askari wa Morgan walikuwa na vyote hivyo vitatu na bado wengi wao walishindwa.

Kufanya mazoezi

Swali la ufahamu: "Je, utafiti wa Vancouver unathibitisha kwamba hofu huboresha kumbukumbu?" (alama 2)

Jibu la mtahiniwa A: Ndiyo, kwa sababu waliopata mshtuko mkubwa walikuwa sahihi kwa asilimia 88.

Jibu la mtahiniwa B: Hapana. Waliopata mshtuko mkubwa walikuwa sahihi zaidi, lakini ndio pia waliokuwa karibu na tukio, kwa hiyo hatujui kama sababu ni mshtuko au ukaribu.

A amenakili namba sahihi, nitampa alama 1 kwa huruma. B amejibu neno "unathibitisha", ambalo ndilo swali lenyewe.

Swali la ufupisho: "Fupisha habari ya jaribio la Johnson na Scott kwa maneno yasiyozidi 35." (alama 4)

Jibu la mfano: Washiriki waliomwona mtu mwenye kisu chenye damu baada ya kusikia ugomvi walimtambua kwa asilimia 33, ilhali waliomwona akiwa na kalamu katika hali tulivu walimtambua kwa asilimia 49. Hofu ilipunguza utambuzi.

Hesabu maneno. Ni 30. Grisi, picha 50 na mwaka vimeachwa kwa sababu ukiviondoa hoja haiyumbi. Ukiondoa kalamu, hoja inaanguka, maana hakuna tena cha kulinganisha.

Sasa fanya mwenyewe, bila kurudi nyuma kusoma:

1. Toa maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (a) kioja (b) pingamizi (c) gwaride la utambuzi.

2. Kwa nini mwandishi anasema Biolojia na habari hii zinazungumzia homoni "hiyo hiyo"?

3. Taja tofauti kati ya usahihi na uhakika, ukitumia mfano wa Ronald Cotton.

4. Kuku mbichi ana kazi gani katika utafiti wa Pickel? Jibu kwa sentensi mbili.

5. Fupisha aya mbili zinazohusu tukio na utafiti wa Vancouver kwa maneno 60 hadi 70.

6. Mlinzi wa duka la dawa alivamiwa saa 2 usiku na watu wawili, mmoja akiwa na panga. Taa ya barazani ilikuwa inawaka. Tukio lilichukua dakika 3. Wiki mbili baadaye mlinzi amemtambua kijana mmoja kwenye gwaride la utambuzi, akisema hawezi kumsahau. Hakuna ushahidi mwingine. Andika insha ya hoja yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300, ukieleza kama wewe ungekuwa hakimu ungemtia kijana huyo hatiani. Tumia angalau tafiti mbili za pande tofauti, na uonyeshe ni maswali gani mengine ungemuuliza mlinzi kabla ya kuamua.